Kutoka kamati ya harusi hadi wodi ya saratani: mwongozo kamili wa kuandaa tukio la kuchangia na kuhamasisha

Ukitaka kujua kama watu wetu wanaweza kuchanga, ngoja mtu atangaze ndoa. Wiki haijaisha, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, yupo mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kadi zimechapishwa, vikao ni kila Jumapili jioni, na baada ya miezi mitatu zimepatikana milioni 15 za kuliwa usiku mmoja. Sikejeli, pilau la michango hiyo nimelila sana. Ninachotaka kusema ni kwamba mtambo wa kuchangisha tunao tayari, na hakuna haja ya kuagiza mwingine kutoka nje.

Mimi nipo Mwanza. Wagonjwa wetu wa saratani hutibiwa Bugando, ile hospitali ya rufaa ya kanda iliyo juu ya mlima, inayopokea watu kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu, Shinyanga na kwingineko. Kabla ya tiba ya mionzi kufika huku, mgonjwa alipanda basi hadi Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Nimekaa kwenye kamati nne za matukio ya kuchangia wagonjwa hawa. Ya kwanza tulimaliza na deni. Nitakueleza lilivyotupata, lakini tuanzie panapostahili.

Hatua ya kwanza: panda wodini kabla hujaenda kwa mchapa tisheti

Kamati nyingi huanza na rangi ya tisheti. Wewe anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hao ndio wanaojua nani amekwama getini, nani amekatisha dozi, nani analala kwenye korido kwa sababu kwao ni Ukerewe na hana ndugu mjini. Nenda na mtu mmoja tu, si ujumbe wa watu tisa, kisha uliza: hapa mgonjwa anakwamia wapi?

Jibu litakushangaza. Ulikuja ukidhani utaambiwa mashine. Mara nyingi utaambiwa nauli. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, tena kwa wiki kadhaa mfululizo, na mtu wa Ngara au Meatu hawezi kwenda na kurudi kila siku. Anahitaji mahali pa kulala, uji asubuhi, na nauli ya ndugu anayemuuguza. Akivikosa anarudi nyumbani katikati ya matibabu, na hapo fedha zote zilizotumika mwanzoni zimepotea. Utasikia pia habari za dawa za kuzuia kutapika, mofini ya maji ya kutuliza maumivu, lishe ya watoto, na damu.

Chagua kitu kimoja au viwili vyenye bei. "Kusaidia wagonjwa wa kansa" hakuna anayejua ni shilingi ngapi. "Kitanda, chakula na nauli kwa wagonjwa 20 kwa wiki sita" mtu anaweza kukipigia hesabu akasema mimi nabeba mmoja. Ondoka pale na barua ya hospitali inayokubali tukio lenu na kutaja fedha zitapokelewa na nani. Bila barua hiyo, wewe ni mtu mwingine tu anayeomba hela kwa jina la wagonjwa, na mjini wapo wengi.

Hatua ya pili: kamati ya watu saba

Kamati ya harusi hubeba watu 30 kwa sababu kila ukoo lazima uonekane. Huku saba wanatosha. Awepo muuguzi au daktari, awepo mtu aliyeugua saratani akapona au anayeendelea na tiba, na awepo mtu anayejulikana sokoni. Mweka hazina asiwe mke, mume wala shemeji wa mwenyekiti. Najua ni mwaminifu, ila watu hawajui.

Fedha zisipitie namba ya simu ya mtu binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na lipa namba inayotokea kwa jina la kikundi mtu anapolipa. Mchangiaji anapoona kwenye simu jina asilolijua, anasita, na akisita harudi. Zaidi ya hapo, laini ya mtu ina kikomo cha fedha inazoweza kupokea kwa siku. Yetu iligoma saa nne asubuhi siku ya tukio, watu wamesimama na simu mkononi. Baadhi walisema watatuma wakifika nyumbani. Unajua mwenyewe kama walituma.

Hatua ya tatu: tarehe

Mwezi wa Oktoba ni wa saratani ya matiti, Januari ni wa mlango wa kizazi, Novemba wanaume hukumbushwa tezi dume, na 4 Februari ni Siku ya Saratani Duniani. Kalenda hiyo ni nzuri kwa redio na mabango. Kwa mifuko ya watu ni habari nyingine. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, usimwombe mtu mchango Januari. Oktoba mvua za vuli zinaanza kubisha hodi. Kwa Kanda ya Ziwa mimi napenda Julai na Agosti: kiangazi, mazao yamevunwa, pamba imeuzwa, barabara kavu. Tarehe nzuri za kutoa elimu zitumie kwa elimu, na za kuchangisha kwa kuchangisha.

Kama unakwenda kuhamasisha kwenye mialo ya ziwani, tazama mwezi angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, wanashona nyavu na kucheza bao. Hizo ndizo siku za kuwakuta wanaume pamoja, na ni kundi ambalo hulipati kanisani wala kliniki. Sisi tulikwenda mara moja usiku wa giza tukawahutubia kuku.

Hatua ya nne: hesabu iliyotuumiza

Haya sasa, lile deni. Tuliandaa mbio za kilomita 5 na 10. Walijiandikisha watu 300, kila mmoja 20,000. Jumla 6,000,000, tukapongezana. Kisha tisheti 300 kwa 12,000 ni 3,600,000. Medali kwa 4,000 ni 1,200,000. Turubai, spika, maji, gari la wagonjwa, chakula cha waelekezaji njiani: 1,500,000. Piga jumla: 6,300,000. Watu 300 walikimbia alfajiri, wakapiga picha nzuri, na mgonjwa wa saratani akawa anadaiwa 300,000. Tulichangishana sisi wenyewe kulipa turubai.

Mwaka uliofuata tulifuta medali na tisheti kwenye kiingilio. Tulinunua kitambaa cha rangi ya waridi, mama mmoja wa cherehani akakikata vipande vya kufunga mkononi, gharama yote 150,000. Kiingilio tukashusha hadi 10,000, watu wakaja na tisheti zao za vikundi vya jogging, na vikundi hivyo hupenda sana kuonekana na tisheti zao. Aliyetaka tisheti ya tukio aliagiza na kulipa wiki tatu kabla, bei ikiwa na faida ndani yake. Turubai, maji na spika tuliomba kama vitu, si kama fedha. Mwenye duka la jumla hukupa katoni 40 za maji kwa urahisi kuliko 100,000 taslimu, na wala halaumiwi na mkewe.

Kanuni niliyojiwekea: kabla hujatangaza, kila gharama iwe na mtu au duka lililoibeba, ili kiingilio chote kiende wodini. Ukishindwa kufika huko, angalau gharama zisizidi robo ya makusanyo. Zikizidi, futa mbio, fanya mnada.

Na mnada usiudharau. Kanisani wanajua siri hii siku nyingi: jogoo mmoja, mkungu wa ndizi, keki ya kilo mbili, MC anayejua kuchokoza. Jogoo wa 25,000 ananunuliwa 200,000, mnunuzi anamrudisha, ananadiwa tena. Kwa akina mama, kanga hufanya kazi vizuri zaidi: chapisheni doti chache zenye msemo wenu wenyewe, wa kuhusu kwenda kupimwa. Tisheti huishia kuwa dekio, lakini kanga itavaliwa miaka mitano, tena misibani na sokoni, mahali panapozungumzwa mambo.

Bahati nasibu iwekeni kando kama hamna kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hata ya hisani ni bahati nasibu.

Hatua ya tano: vibali

Hapa sina hadithi, fanya tu. Barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla, na kwa mbio zinazopita barabara kuu peleka wiki mbili kabla, maana lazima trafiki wapangwe. Chama cha riadha cha mkoa kama mnakimbia. Kibali cha hakimiliki kama mnapiga muziki wa watu (ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki). Mganga mkuu wa wilaya kama kutakuwa na upimaji wa aina yoyote. Wasomaji wa Kenya: taarifa ya polisi huko hupelekwa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla.

Hatua ya sita: kukusanya ahadi

Ahadi ni rahisi, ahadi hewa ndiyo tatizo. Tumia orodha ile ile ya harusi kwenye kundi la WhatsApp, unaisasisha kila jioni:

14. Mama Neema – ahadi 50,000 – ametoa 30,000
15. Fundi Salum, Igoma – ahadi 20,000 – amemaliza
16. Jirani mwema – 100,000 taslimu

Usiandike "bado" mbele ya jina la mtu. Aibu hiyo inamfukuza kwenye kundi. Kumbusha kwa meseji ya mtu na mtu, kwa heshima anayostahili: "Shikamoo mama. Ile ahadi yetu ya 50,000 tumeitunza. Mama akijaliwa hata nusu tunaipokea, lipa namba ni ile ile." Kwa rika lako unaweza kutania kidogo. Kukumbusha mara tatu kunatosha, mara ya nne ni kudai deni.

Kadi za mchango zipewe namba. Anayechukua kadi kumi asaini kumi, na arudishe kumi, zenye fedha au tupu. Ukisahau hili, mwezi mmoja baadaye utakuta kadi yako inazunguka stendi mikononi mwa mtu usiyemjua.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la Mwanza likishapanda, kupandisha mlima kunageuka adhabu. Gari la wagonjwa liwe limefika kabla ya mkimbiaji wa kwanza, si "liko njiani". Mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Mwambieni mapema kwa adabu kwamba mbio zinaanza saa fulani na yeye atakabidhi zawadi, hivyo hakuna atakayeona amedharauliwa. Hotuba moja, dakika tano. Salamu za meza kuu zote zikatwe na ile sentensi yetu takatifu, "itifaki imezingatiwa".

Kisha elimu. Kosa la kawaida ni kusoma dalili 15 za saratani kwenye spika mbovu huku watu wanatafuta maji ya kunywa. Chagua tatu zinazohusu watu waliopo mbele yako. Kwa kina mama: uvimbe kwenye titi hata kama hauumi, na damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na ndiyo inayoweza kuzuiwa kuliko nyingine zote. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Liseme hilo kwa sauti, kwa sababu wazazi wengi bado wanabishana na redio mbao kwamba inazuia uzazi. Si kweli.

Kwa wazazi wa kanda yetu ongeza taya. Kuna saratani ya watoto aliyoieleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, nayo hupenda maeneo yenye malaria nyingi kama huku kwetu. Mtoto anavimba taya, jino linalegea, nyumbani wanadhani ni jino bovu. Uvimbe ule unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini ukiwahiwa, dawa za dripu huuyeyusha vizuri. Mwingine ni mtoto ambaye mboni ya jicho inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu yenye mwanga. Mama anayesikia habari hii anafungua galari ya simu hapo hapo, nimeona. Na kwa wanaume wa vijiji vya majaruba ya mpunga: kukojoa damu si dalili ya kukua wala jando la pili, mara nyingi ni kichocho, na kichocho cha mkojo kikiachwa miaka mingi huleta saratani ya kibofu.

Jibuni pia lile linalosemwa chinichini: kwamba wakikukata kinyama, yaani kipande kidogo cha kupeleka kupimwa, kansa inasambaa. Watu husema hivyo kwa sababu wamemwona fulani amekatwa na baada ya miezi amefariki. Huyo alikuwa amechelewa. Bila kinyama daktari hajui anapigana na nini. Mtu bora wa kulijibu ni yule aliyekatwa miaka sita iliyopita na amesimama pale anaongea. Mpe nafasi hiyo, lakini muulize kwanza anataka kusema nini na picha yake ipelekwe wapi. Watoto waliopoteza nywele msiwapandishe jukwaani. Sina mjadala kwenye hilo, hata kama mfadhili anataka picha.

Upimaji wa mlango wa kizazi kwa njia ya siki ni kazi nyepesi kwa muuguzi aliyefunzwa: anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa, anasubiri dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe, jibu linapatikana pale pale. Walengwa hasa ni wenye miaka 30 hadi 49, na wanaoishi na VVU waanze wakiwa na 25. Kinachoshindikana viwanjani ni faragha. Turubai la harusi lina upenyo pembeni, na mwanamke hatavua nguo huku vijana wanapita na chupa za maji. Omba darasa la shule au zahanati ya jirani, pazia nzito, na mlango unaofungwa kwa ndani. Kama hupati, usipime. Toa kadi za miadi tu.

Tenga pia meza ya kuchangia damu pamoja na watu wa Damu Salama. Wagonjwa wanaotumia dawa kali hupungukiwa damu mara kwa mara. Mchangiaji awe na kilo 50 au zaidi, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Meza iwe mbali na mstari wa kumalizia, maana aliyetoka kukimbia kilomita 10 asitolewe damu asubuhi hiyo. Hawa wanafaa kuandikwa kwa Jumamosi inayofuata.

Hatua ya nane: kukabidhi

Ile hundi kubwa ya kadibodi inagharimu fedha na haina kazi benki. Lipeni kwa namba ya malipo au akaunti iliyotajwa kwenye ile barua ya mwanzo, chukueni stakabadhi, pigeni picha ya stakabadhi. Kama mmeahidi nauli na malazi, kubalianeni na ustawi wa jamii namna ya kutoa, na mpate idadi ya wagonjwa walionufaika kila mwezi, bila majina.

Msinunue dawa mitaani mkapeleka. Mfamasia ndiye aseme dawa gani, nguvu gani, na tarehe ya kuisha. Na msiingie wodini watu 60 na kwaya. Mtu anayepata dripu za saratani kinga yake imeshuka, mafua yako ni homa yake ya kulazwa. Waingie watatu, wanaosikia mafua wabaki nje, zawadi zipokelewe stoo.

Ripoti itoke ndani ya siku 14, kwenye kundi lile lile lililochanga: zilizoingia, zilizotumika, zilizokabidhiwa, na stakabadhi. Waliochanga 2,000 waisome sawa na waliochanga milioni.

Hatua ya tisa: daftari

Hii ndiyo hatua niliyoijua kwa kuchelewa. Mwaka wa pili, mama mmoja muuza dagaa alikutwa na uvimbe titi la kushoto. Muuguzi alimwandikia rufaa, akashukuru, akaikunja ndogo kabisa, akaitia kwenye pochi ya hela. Namba yake ya simu hakuna aliyeandika. Miezi minane baadaye, tukipeleka sabuni, tulimkuta amelazwa. Karatasi ilikuwa bado kwenye pochi, imekunjwa vile vile. Alisema aliogopa nauli na gharama za vipimo. Na sisi tulikuwa na fedha ya nauli kwenye akaunti.

Sasa tuna daftari la kaunta, na mtu mmoja tu anayelishika, aliyeapa kutunza siri. Lina safu tano: jina, simu yake na ya mtu wa karibu aliyekubali mwenyewe apigiwe, kilichoonekana, tarehe ya miadi, alama ya kufika. Anapigiwa siku ya tatu, siku moja kabla ya miadi, na siku ya miadi jioni. Hatusemi ugonjwa kwenye simu ikipokelewa na mwingine, tunasema "mwambie ni rafiki yake wa kikundi". Nauli hatutumi kwa simu, maana hela ikifika nyumbani ina wenyewe: tunamkatia tiketi kwa wakala wa basi kwao, na mtu wetu anamngoja stendi.

Daftari la mwaka jana lina majina 41. Thelathini na nane wana alama ya kufika. Wawili wamehama, tumewapata kwa ndugu zao. Mmoja simu yake hupokelewa na mtoto, kila siku anasema bibi yuko shambani. Jumamosi tunachukua bodaboda kwenda huko shambani.